Dola Ishirini na Tano za Mkate

Nyumba nyingine hutikiswa na ulevi, nyingine na wivu. Ya kwetu ilitikiswa na mkate.

Mimi na mume wangu tulihamia Kanada kutoka Tanzania mwaka 2000, tukiwa na watoto watatu wadogo. Tulipanga nyumba Toronto. Mume wangu alifanya kazi ya usiku kiwandani, nami nilisafisha maofisi. Watoto walibeba mkate shuleni kila siku, kwa hiyo mikate mitano haikumaliza wiki. Pesa za chakula nilizishika mimi, na kila mwisho wa mwezi tulikaa mezani kupiga hesabu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. "Mama watoto, mwaka jana pesa hizi zilitosha. Sasa zinakwenda wapi?" Nilimjibu kwamba mkate umepanda tena. Alitikisa kichwa. "Kila siku mkate! Sema tu kwamba hujui kupanga."

Nikanunua daftari, nikawa naandika kila kitu: maziwa, mchele, mkate, hata kiberiti. Bado hakuridhika. Usiku mmoja alisema labda pesa nazituma kwa mama yangu kwa siri. Neno hilo lilinichoma. Sikuwahi kutuma hata senti moja bila yeye kujua. Hatukuachana, lakini tangu siku ile nilipungukiwa na furaha ya kuzungumza naye.

Miaka ikapita. Desemba 2017 tulisikia katika habari jambo la ajabu. Kampuni ya Loblaw, yenye maduka makubwa ya vyakula, na kampuni mwenzake ya George Weston, zilikiri kwamba zilishiriki katika mpango wa kupatana bei ya mkate kuanzia mwaka 2001 hadi 2015. Kwa mujibu wa hati za wachunguzi wa serikali, waokaji walipandisha bei kwa senti 7, na wenye maduka wakapandisha kwa senti 10. Kisha wakatulia kidogo, na baadaye wakarudia.

Kumbe! Bandu bandu huisha gogo. Nani angegombana dukani kwa ajili ya senti kumi? Lakini katika nyumba yetu senti hizo ziligombanisha mume na mke.

Usiku ule nililitoa daftari kabatini, nikaliweka mezani mbele ya mume wangu. Alilifunua ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akavaa koti, akaenda kazini bila kusema neno.

Mwaka 2018 Loblaw ilitoa kadi ya dola 25 ya kununulia vitu katika maduka yake kwa kila mteja aliyejiandikisha. Nilijiandikisha, nikaipata, nikanunua mchele na sukari. Mume wangu alikataa kujiandikisha, wala hakutaka tuzungumze habari hiyo.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2023 kampuni nyingine, Canada Bread, ilikiri kosa mahakamani ikatozwa faini ya dola milioni 50. Walaji nao walikuwa wamefungua kesi za pamoja, yaani watu wachache wanasimama mahakamani kwa niaba ya wote walioumia. Mwaka 2024 Loblaw na George Weston zilikubali kulipa dola milioni 500, zikihesabiwa humo na zile kadi. Fomu za kudai fidia zilipokelewa kuanzia Septemba hadi tarehe 12 Desemba 2025. Risiti hazikudaiwa, maana nani anatunza risiti ya mkate kwa miaka ishirini? Mdai alitakiwa tu kutamka kwamba anasema kweli.

Palikuwa na swali moja: je, uliwahi kupata ile kadi? Aliyeipata alihesabiwa kwamba amekwisha kulipwa dola 25 za kwanza.

Rafiki yangu mmoja aliniambia tulipotoka kanisani, "Dada, andika hapana. Hao walitudhulumu miaka mingi. Wewe utawadhulumu nini?" Naungama kwamba maneno yake yalinipendeza. Jioni nilikaa mbele ya fomu, mume wangu kando yangu. Nikamwambia, "Baba, nikiandika hapana tutapata zaidi."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mke wangu, miaka ile uliandika kila senti kwa ukweli, nami sikukuamini. Usianze uongo leo kwa ajili ya dola ishirini na tano." Sauti yake ikakwama. "Nilimsingizia mama yako. Amekufa sijakuomba radhi wala yeye sijamwomba. Nisamehe."

Nililia kama mtoto. Miaka ishirini nililisubiri neno lile. Tulipotulia, niliandika ndiyo. Halafu yeye naye akajaza fomu yake, maana Jumamosi ndiye aliyekuwa akinunua mkate.

Mama mwenzangu, usidharau haki yako hata ikiwa ndogo. Ukiambiwa kuna fidia unayostahili, uliza masharti, angalia tarehe ya mwisho, jaza fomu mapema. Lakini jaza kwa ukweli. Aliyekudhulumu asikufundishe tabia yake. Usiandike jina la mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kula tu, wala usifiche ulichokwisha kupokea.

Tena, pesa za chakula zinapopungua, msikimbilie kushutumiana. Kaeni mezani, fungueni daftari, sikilizaneni. Huenda mwizi mnayemtafuta hayumo ndani ya nyumba yenu.