Diski ikikunyima ruhusa, usikubali ifomatiwe

Nitasema kitu ambacho mafundi kadhaa wa kompyuta hawatapenda: mara nyingi ile diski wanayokwambia "imekufa" haijakufa. Imekukataa tu. Na tofauti na yule mtu umekuwa ukimtumia meseji mwezi mzima bila kujibiwa, diski ikikukataa kuna dawa, tena ya bure.

Naongelea ule ujumbe wa "Access is denied". Umetoa diski kwa laptopu ya zamani, umeichomeka kwa mashine nyingine, jina lake limetokea na hata folda unaziona. Unabonyeza moja, unaambiwa huna ruhusa. Picha ni zako. Hata sura iliyo kwa hizo picha ni yako! Lakini kompyuta inakuuliza, wewe ni nani?

Cuzo wangu alipitia hii. Laptopu yake ilimwagikiwa chai ikakataa kuwaka, diski ikatolewa ikawekwa kwa kava ya USB. Ndani kulikuwa na kazi zake zote za chuo, na picha za marehemu babake, mtu aliyekuwa akikwepa kamera maisha yake yote. Hakuna kopi nyingine mahali popote. Fundi mmoja akaiangalia dakika mbili akamwambia, "Siz, hii lazima tuifomati ndio ifunguke. Elfu mbili tu." Itafunguka kweli, lakini itafunguka ikiwa tupu! Ni kama umepoteza ufunguo wa nyumba, halafu mtu anakushauri uichome ndio uingie. Bahati nzuri alinipigia kabla hajalipa, na jioni hiyo hiyo tukaifungua.

Sasa, kwa nini diski yako mwenyewe inakukataa? Windows huhifadhi vitu kwa mfumo unaoitwa NTFS, ambao umekuwepo tangu 1993. Kwa mfumo huo, kila faili na kila folda ina mwenyewe, na ina orodha ya nani anaruhusiwa kufanya nini. Lakini mwenyewe haandikwi kama Njeri au Otieno. Anaandikwa kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na namba hiyo ilitengenezwa na ile Windows ya mashine ya zamani. Mashine mpya haijawahi kuiona. Hata ukitumia jina lile lile na nywila ile ile, namba yako huku ni nyingine. Ni kama kuhama shule halafu unamwonyesha soja wa geti kadi ya shule ya zamani. Jina ni lako kweli, lakini hiyo kadi yeye haijui.

Dawa ni kuiambia kompyuta kwamba mwenyewe amebadilika. Tumia akaunti ya admin. Wakati mwingine ukibonyeza folda, Windows yenyewe inakupa kitufe cha "Continue"; kibonyeze kwanza, huenda kikatosha. Kikikataa, bonyeza folda kwa upande wa kulia wa mausi, ingia "Properties", kisha "Security", kisha "Advanced". Juu utaona "Owner". Bonyeza "Change", andika jina la akaunti yako, bonyeza "Check Names", halafu OK. Weka tiki kwa "Replace owner on subcontainers and objects" ili vitu vyote vya ndani vibadilike pia, kisha "Apply". Funga, ingia tena hapo hapo, bonyeza "Add", jiweke kwa orodha na ujipe "Full control". Kama faili ni maelfu itachukua muda. Tulia, usiichomoe katikati.

Kama wewe ni mtu wa kuandika amri, fungua Command Prompt kama admin uandike hizi mbili, moja baada ya nyingine (hapa diski ni E, folda ni Picha):

takeown /F E:\Picha /R /D Y
icacls E:\Picha /grant "%username%":F /T

Onyo moja: usifanye hivi kwa diski C yote. Folda za Windows zina wenyewe wake kwa sababu, na ukizivuruga mashine inaweza kukataa kufanya kazi vizuri.

Pia, si kila kukataliwa ni ugonjwa huu. Ukiona "You need to format the disk before you can use it", mara nyingi mpangilio wa diski umeharibika. Usikubali kufomati; okoa faili kwanza kwa programu ya kurudisha data. Diski ikianza kugonga tik-tik ndani, izime kabisa, hiyo si kazi ya nyumbani. Ukiombwa ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48, hakuna amri itakayokusaidia; angalia kama uliuhifadhi kwa akaunti yako ya Microsoft. Na kama uko kwa Mac, diski ya NTFS itasomeka lakini haitakubali uandike kitu. Haina kasoro, Mac ndivyo ilivyo.

Lakini kuna kitu kilichonisumbua zaidi, na ndicho kimenifanya niandike. Tulipofungua ile diski ya cuzo, hakuna mahali tuliulizwa nywila yake. Hata mara moja! Sasa fikiria yule anayekunyang'anya laptopu ukishuka matatu. Hata yeye anaweza kuitoa diski, aichomeke kwingine na afuate hatua hizi hizi. Nywila yako ya kuingilia ni soja wa geti tu, na diski ikishatoka nje ya geti, soja hana kazi. Zile ruhusa ni adabu, si kufuli.

Kufuli ya kweli ni kusimba data, yaani kuigeuza iwe fujo isiyosomeka bila ufunguo. BitLocker hufanya hivyo kwa Windows Pro, na VeraCrypt ni ya bure. Lakini jua hili: ukipoteza ufunguo wa data iliyosimbwa, hata mimi sitakuokoa. Uuweke mahali pengine, si ndani ya diski hiyo hiyo.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Amua mapema nani anafaa kufungua nini. Picha za familia, zile unataka hata shosho aone kwa mashine yoyote, weka kwa diski ya exFAT. Mfumo huo hauandiki mwenyewe wa faili, kwa hivyo hautakukataa hivi, na unabeba faili kubwa kuliko GB 4 ambazo FAT32 haiwezi. (Kuhamia exFAT kunahitaji kufomati, kwa hivyo nakili kila kitu kwingine kwanza.) Kisha uwe na kopi ya pili, kwa nyumba nyingine ikiwezekana. Vitu vya siri, kama picha zako za kibinafsi na skani za kitambulisho, visimbe.

Na siku diski itakukataa, piga picha ule ujumbe wa skrini kabla hujatoka nyumbani. Ukifika kwa fundi, muulize unamaanisha nini. Wako mafundi wazuri watakaokueleza, na hao walipe bila kulalamika. Asiyeweza kukueleza na bado anataka kufomati, mwambie asante, beba diski yako uende.