Saa Nne za Angani na Mpaka Usioonekana

Ndugu msomaji, chukua ramani uitazame. Mombasa na Jeddah zimekaa karibu katika mstari mmoja, huu kusini na huu kaskazini, na saa za miji hii miwili ni sawasawa. Baina yake, kwa mstari ulionyooka, ni kiasi cha kilomita 2,850. Wazee wetu waliusubiri upepo wa kusi, na njia ikawachukua majuma. Leo ndege hukata kilomita 850 kwa saa. Ukitia na muda wa kupaa na kushuka, safari ya moja kwa moja ni saa nne hivi.

Hii ni neema, na kila neema ina mtihani wake. Wanaokwenda Hija na Umra hunijia kuaga na kutaka dua, nami huwauliza: "Mtatia nia ya ihramu wapi?" Wengi hunijibu: "Jeddah, Sheikh, tukishatua."

Hebu tufanye hesabu pamoja. Mtume (S.A.W.) aliweka miqati, nayo ni mipaka ambayo mwenye kukusudia Hija au Umra haivuki ila amehirimia. Ajaye kutoka kusini hukabiliana na Yalamlam, iliyo kiasi cha kilomita 100 kutoka Makka. Ndege hupita usawa wake kabla ya kufika Jeddah. Kwa mwendo ule, kila dakika ni kilomita 14. Ukisinzia dakika tano tu, umeuacha mpaka kilomita 70 nyuma yako! Na aliyeuvuka bila ya ihramu hana budi kurudi. Asiporudi, ni juu yake kuchinja.

Wako wanavyuoni waliosema Jeddah yatosha. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliamua kuwa ajaye kwa ndege ahirimie anapokuwa usawa wa miqati. Na kujitoa katika khilafu ndiyo salama.

Basi fanya hivi. Oga nyumbani, na shuka zako zivae kabla ya kupanda, usizifungie katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Rubani akitangaza kuwa miqati imekaribia, tia nia na ulete talbiya. Ukichelea usingizi, tanguliza nia. Kuitanguliza kwajuzu, kuichelewesha hakujuzu. Na ukiwa waanza Madina, miqati yako itakuwa Dhul-Hulayfa.

Msafiri wa jahazi alikuwa na majuma ya kuutengeneza moyo wake. Wewe una saa nne, na humo mna chakula, picha za kutazama na usingizi. Deni lipe, uliyemkosea muombe radhi, na elimu ya ibada yako itafute ungali kwako. Ndege hubeba mwili upesi. Moyo wataka kutangulia.

Mwenyezi Mungu atutakabalie. Amin.