Treni za mvuke za Thailand na daftari la mzee wa Nyunzi

KALEMIE – Jioni, mvua ikikatika, vijana wa kambi ya wahamishwa hukusanyika penye paneli ya sola kungoja simu zao zijae moto. Anayemaliza kwanza huwaonyesha wengine video. Kwa kawaida ni mpira au muziki. Juma lililopita ilikuwa treni. Vichwa viwili vyeusi, vimefungwa mgongo kwa mgongo, vinatoka Bangkok huku mvuke ukifunika watu kando ya njia, na honi ikilia kwa sauti ambayo vijana hao hawajawahi kuisikia.

Mmoja alikimbia kumwita mzee anayekaa hema la tatu. Kila mtu kambini anajua kwamba mzee huyo ni mtoto wa reli. Baba yake alifanya kazi kwenye njia ya Kabalo hadi Kalemie tangu wakati wa Wabelgiji, na yeye mwenyewe alikuwa kantonye kule Nyunzi: kukaza misumari, kubadilisha mataruma yaliyooza, kufyeka majani. Aliikimbia Nyunzi vita vilipofika nyumbani kwake, akiwa na wajukuu wawili, jembe moja na daftari.

Mzee alishika simu karibu na macho, akatazama hadi mwisho bila kusema. Kisha akauliza jambo ambalo halikuhusu moshi wala honi: “Reli yao ina upana gani?”

Swali hilo lina maana kuliko linavyoonekana, na jibu lake ni refu.

Vichwa vya kwenye video vina namba 824 na 850. Viliundwa Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, karibu na mwaka 1950, wakati Thailand ilipokuwa ikisimamisha tena reli yake. Siku nyingi hulala katika gereji ya Thonburi, upande wa magharibi wa Bangkok. Shirika la reli la nchi hiyo huvitoa siku chache tu kwa mwaka: tarehe 26 Machi, siku ya kuzaliwa kwa reli yao; tarehe 23 Oktoba, kumkumbuka mfalme Chulalongkorn aliyeanzisha reli huko; na sikukuu nyingine za ufalme. Mara nyingi huenda Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, na kurudi siku ileile. Zamani treni za mvuke za Thailand zilikula kuni, kama za kwetu. Hizi za sherehe zinachoma mafuta. Tiketi hugombaniwa.

Na upana wa reli yao ni mita moja kamili.

Mzee alicheka. Njia ya Kalemie nayo ilizaliwa na upana wa mita moja, kama ile ya Kigoma ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1955 Wabelgiji waliipanua ifikie milimita 1,067 ili ifanane na reli za Katanga. Tofauti ni milimita 67, karibu vidole vinne. Baba yake alikuwa katika kundi lililofanya kazi hiyo, na alimwonyesha mwanawe kipimo hicho kwa kuweka mkono juu ya chuma. Mzee aliurudia mkono huo hapo penye sola, vidole vinne juu ya kipande cha mbao, ili vijana waone.

Sasa, kuna kichwa kingine cha treni huko Asia ambacho kilitembezwa njia hiyo kinyumenyume. Kinaitwa C56. Japani iliunda 160 vya aina hiyo kati ya 1935 na 1939, kwa ajili ya matawi madogo ya reli ya milimani. Ni chepesi, hakivunji reli dhaifu. Tangi lake la nyuma limekatwa pembeni ili dereva aone nyuma anaporudi kinyume, kwa sababu kwenye matawi hayo hapakuwa na mahali pa kukigeuza. Reli ya Japani ilikuwa na upana wa milimita 1,067, kama yetu ya leo. Vita vilipoanza, jeshi lilichukua 90 vya kwanza, namba 1 hadi 90, likasogeza magurudumu yake ndani kwa vidole vile vinne, likavipakia melini kwenda Thailand na Burma. Kichwa cha treni hakiulizwi. Kinabadilishwa miguu na kupelekwa.

Kazi iliyokuwa ikivingoja ni reli ambayo watu wa huko bado wanaiita Reli ya Kifo.

Jeshi la Japani lilikuwa limeiteka Burma na lilihitaji kupeleka risasi na chakula huko. Njia ya bahari ilikuwa hatari kwa sababu ya manowari za adui. Likaamua kupitisha reli msituni, kilomita 415, kutoka Nong Pladuk nchini Thailand hadi Thanbyuzayat nchini Burma. Kazi ilianza 1942, na vipande viwili vya njia vikakutana Oktoba 1943. Karibu mwaka mmoja tu kwa kilomita 415 za milima, mito na malaria. Sehemu ya vyuma vya reli iling'olewa Malaya. Vipande vya chuma vya daraja kubwa la Kanchanaburi vililetwa kutoka Java. Miamba ilitobolewa kwa nyundo na patasi, mmoja anashika, mwingine anapiga.

“Hiyo ni salongo,” alisema mzee. Vijana walielewa mara moja, maana wengine wao waliwahi kukamatwa njiani na watu wenye bunduki na kubebeshwa mizigo, na kazi hiyo nayo iliitwa salongo.

Waliofanya salongo hiyo walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wafungwa wa vita: Waingereza, Waaustralia, Waholanzi na Wamarekani wachache, wote wapata 60,000. Hao ndio ambao filamu zilitengenezwa kuwahusu. Wa pili walikuwa raia wa Asia: Watamil kutoka mashamba ya mpira ya Malaya, Wamalay, Wajava, Waburma, Wachina. Idadi yao inakadiriwa kuwa karibu 200,000 au zaidi. Wengine waliahidiwa mshahara mzuri na mkataba mfupi. Wengine walichukuliwa tu. Kule Burma kundi lao lilipewa jina la Jeshi la Jasho. Wengi walienda na wake na watoto, kwa kuwa waliambiwa wanahamia kazini.

Wafungwa wa vita waliokufa ni karibu 13,000. Raia waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 100,000.

Tofauti hiyo kati ya idadi hizo mbili haikuletwa na ugonjwa peke yake. Kipindupindu kilipoingia kwenye kambi wakati wa masika ya 1943, kiliua pande zote mbili. Lakini wafungwa walikuwa wanajeshi. Walikuwa na maofisa wao, na madaktari wao waliochemsha maji na kukata miguu iliyooza kwa misumeno ya kuazima. Tena walikuwa na orodha. Kila aliyekufa aliandikwa jina, namba na mahali alipozikwa, mara nyingi kwenye karatasi iliyofichwa ndani ya mwanzi au chini ya ardhi. Raia hawakuwa na daktari, wala ofisa, wala karani. Mtu wa shamba la mpira akifa, jirani yake ndiye pekee aliyejua anaitwa nani, na jirani naye akafa juma lililofuata.

Ndiyo maana leo, katikati ya mji wa Kanchanaburi, kuna makaburi ya wanajeshi karibu 7,000 yaliyopangwa mistari, majani yamekatwa, kila jiwe na jina isipokuwa machache. Na ndiyo maana mwaka 1990, mahali pengine palepale Kanchanaburi, watu walichimba ardhi wakakuta mifupa ya mamia ya watu wamelundikwa pamoja. Hakuna aliyeweza kuwasomea majina.

Mzee aliomba sehemu hiyo irudiwe. Siyo habari ya mifupa. Habari ya orodha.

Vichwa vya treni vyenyewe vina namba, na namba hazikupotea. Vita vilipokwisha, vichwa 46 vya C56 vilibaki Thailand vikapewa namba mpya, 701 hadi 746. Vilivuta abiria na mpunga na mbao kwa zaidi ya miaka thelathini, vikila kuni, bila yeyote kujali vilikotoka. Fundi wa reli hachagui chuma kwa sababu ya dhambi za aliyekileta. Mwaka 1979 viwili vilirudishwa Japani kwa meli. Namba 44 ilipelekwa kuvuta watalii kwenye reli ya Oigawa, na watoto waliipungia mkono. Namba 31, ambayo inasemwa ilikuwepo siku ya kufungua Reli ya Kifo, imesimamishwa ndani ya jumba la makumbusho la Yasukuni, Tokyo, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Yasukuni ni hekalu la Wajapani waliokufa vitani, na majina zaidi ya milioni mbili yamehifadhiwa hapo. Jirani zao wa Asia wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu mahali hapo, na kichwa hicho ni sehemu ndogo ya malalamiko. Ukikitazama ni mashine nzuri sana. Ubaya haukuwa kwenye chuma.

Vingine viwili, 713 na 715, vimetunzwa Thailand. Kila mwaka, mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba, mji wa Kanchanaburi hufanya sherehe ya daraja kwa taa na milio ya mabomu ya uongo, na treni ya mvuke huwa sehemu ya maonyesho. Watu hula, hupiga picha. Baadhi ya familia za waliokufa hazipendi. Wenye hoteli wanapenda. Na upande wa Burma, kule Thanbyuzayat mwisho wa njia, C56 kimoja kimesimama nje bila moto. Kilomita nyingi za reli katikati ziling'olewa baada ya vita, msitu ukarudi. Inayotumika leo ni upande wa Thailand tu, kama kilomita 130, hadi Nam Tok, ambako treni ya dizeli ya watu wa kawaida hupita polepole juu ya daraja la mbao la Tham Krasae, ukuta wa mwamba upande mmoja na mto upande wa pili.

Kuna nchi nyingine huko ambazo zimetunza treni zake za mvuke. Java ina za viwanda vya sukari, ambazo zilichoma makapi ya miwa ileile zinayoivuta, na Ambarawa ina kichwa cha mwaka 1902 kinachopanda mlima kwa gurudumu la meno. Hizo ni habari za siku nyingine.

Lakini Burma si mbali nasi kama ramani inavyosema. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wanajeshi kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipigana katika bonde la Kabaw, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya kambi. Nyuma yao ilifuata hospitali ya kijeshi kutoka Kongo, yenye wauguzi Wakongomani, waliokuwa wamepitia Madagascar na Ceylon kwanza. Hawakuiona Reli ya Kifo, kwa kuwa iko kusini mbali. Ila walikuwa katika nchi ileile, vita vilevile. Na baada ya vita, mwaka 1952, vichwa tisa vikubwa vya mvuke vya reli ya Burma vilinunuliwa na reli ya Afrika Mashariki na kuletwa huku. Vilitembea bila shida, kwa kuwa njia ni ileile, mita moja.

Mzee alisema baba yake aliwajua watu wawili wa Albertville waliokwenda “kwa Wahindi” na hospitali hiyo. Mmoja alirudi na koti. Majina yao? Alifikiri kidogo, akataja moja. La pili halikuja.

Simu ilizima. Vijana waliiunganisha tena, wakataka kujua kama treni ya mvuke ikikatika maji inalipuka. Inaweza, alisema mzee, kama dereva ni mjinga. Akaeleza kidogo kuhusu kioo cha kupimia maji, jinsi mchochea moto alivyokuwa akikitazama kuliko alivyomtazama mke wake. Walicheka.

Kisha akamtuma mjukuu hemani kuleta daftari. Lilikuwa la kazi zamani. Kurasa za mbele zina mahudhurio ya kundi lake la kantonye, siku kwa siku, alama ya msalaba kwa aliyefika. Kurasa za nyuma ni za tangu alipofika kambini. Hapo ameandika watu wa mtaa wake wa Nyunzi: nani yuko Kalemie, nani alivuka kwenda Kigoma, nani alionekana mara ya mwisho kwenye njia ya reli karibu na daraja, siku gani, amevaa nini. Ni kurasa kumi na moja. Macho yake hayaoni tena mistari, kwa hiyo sasa mjukuu ndiye anayeandika.

“Andika yule wa Albertville,” alimwambia. “Weka nafasi chini yake kwa mwenzake.”

Msichana aliandika jina, akaruka mstari, akauliza kama aweke tarehe. Mzee alimwambia aweke mwaka 1944, na Burma. Wakati huo mama mmoja wa hema za upande wa ziwa, aliyekuwa amekuja kuchukua simu yake, alisogea karibu na kuuliza kama katika kurasa hizo kuna mtu kutoka upande wa Kabeya-Mayi. Mzee alimwambia akae. Walianza tangu ukurasa wa kwanza.