Mpaka Maji Yatakate

Soksi ni vazi nyonge. Kofia huonekana na kila mtu, kanzu husifiwa barazani, na kiatu hupigwa brashi kabla ya mtu kutoka nyumbani. Lakini soksi hukaa gizani baina ya kiatu na mguu, ikafanya kazi yake bila ya kutazamwa. Kwa sababu hiyo ni rahisi kustaajabu kwamba katika nchi za baridi wako watu wanunuao uzi mweupe wa soksi, wakautia rangi wenyewe jikoni, kisha wakaufuma kwa mikono yao, ilhali soksi zilizo tayari huuzwa dukani kwa bei ndogo kuliko ya uzi huo. Mwanamke mmoja wa Pemba, aliyekwenda Edinburgh, Uskoti, kusomea shahada, alistaajabu vivyo hivyo. Mwaka wa kwanza alicheka. Mwaka wa pili alikuwa na sufuria yake mwenyewe.

Mwanamke huyu hakuwa mgeni wa rangi. Mama yake alikuwa msusi wa mikeka, na utoto wake wote ulipita katika harufu ya ukindu uliochemshwa. Alimwona mama yake akichana ukindu, akifunga chane mafungumafungu, akizitia katika sufuria kuukuu iliyokuwa haipikiwi kitu kingine, na kuzianika uani: nyekundu, kijani na zambarau. Bibi yake alimsimulia kwamba kabla ya rangi za unga kujaa madukani, watu wa pwani walipata rangi zao katika miti: magome ya mkandaa yalitoa wekundu, mdaa ulitoa weusi, na manjano ya jikoni yalitoa rangi iitwayo kwa jina lake. Binti alisikia, lakini hakusikiliza. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne aliona haya kwamba mama yake alipima rangi kwa ncha ya kijiko na chumvi kwa ukufi. Akasema moyoni kwamba kazi isiyo na kipimo si elimu, akayafuata masomo yake.

Aliyemrudisha katika sufuria alikuwa jirani yake wa Edinburgh, mwanamke mtu mzima aliyekwisha staafu, ambaye alimkaribisha chai siku moja ya theluji. Dirishani pa jirani yule zilitundikwa kata tatu za uzi uliotiwa rangi, nazo zilikuwa zikidondoka maji. Mgeni alizitazama, akakumbuka ua wa kwao. Kikombe chake kilipoa kabla hajakinywa.

Kazi yenyewe si ngumu kuielezea. Uzi wa soksi aghalabu ni sufu iliyochanganywa na nailoni kidogo, mara nyingi sehemu 75 za sufu kwa 25 za nailoni, kwa sababu kisigino hula uzi upesi na nailoni huusaidia kustahimili. Gramu 100 za uzi huo, zenye urefu wa mita 400 hivi, zatosha soksi mbili za mtu mzima. Uzi hautiwi rangi ukiwa donge, maana rangi isingefika ndani. Huzungushwa ukawa duara pana, mfano wa kata ya kuchukulia mtungi, ukafungwa kwa vikamba vilegevu mahali panne ili usitatizike. Kisha hurowekwa katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa, kwani sufu kavu hupokea rangi kwa mabaka.

Rangi ni unga, nayo hupimwa kwa mizani: gramu 1 ya rangi kwa gramu 100 za sufu hutoa rangi iliyokolea wastani. Apimaye hufunika pua na mdomo, maana unga ule haufai kuvutwa mapafuni. Maji ya sufuria hutiwa siki, na siki hiyo si mapambo. Sufu ni nywele za mnyama, na uchachu wa siki huzipa chembe zake chaji chanya. Chembe za rangi ya namna hii zina chaji hasi. Basi hivi viwili huvutana na kushikana. Pamba haina tabia hiyo, na kwa hiyo rangi ile ile ikitiwa katika pamba hutoka kwa maji ya kwanza. Ndipo moto hufuata, mpaka maji yakaribie kuchemka, digrii 85 hivi, yakae hapo nusu saa au zaidi. Mtia rangi hakorogi kwa nguvu, wala hautoi uzi motoni akautumbukiza katika maji baridi, kwani sufu ya kawaida ikitendewa hivyo hujikunja na kugandamana kama blanketi. Hungoja. Mwishowe hutokea jambo ambalo halichoshi kutazamwa: rangi yote huhama kutoka majini ikaingia katika uzi, na maji yakabaki meupe kama yalivyotoka mferejini.

Mwanafunzi yule aliipenda kazi hii kwa sababu ilikuwa na hesabu. Alinunua mizani ndogo na daftari, akaandika kila kitu: uzito wa uzi, uzito wa rangi, kiasi cha siki. Alifurahi pia kusoma kwamba rangi za unga za viwandani zilianzia, kwa namna fulani, nyumbani. Mwaka 1856 kijana Mwingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akifanya majaribio katika maabara ndogo nyumbani kwao mashariki mwa London, wakati wa likizo ya Pasaka. Alitaka kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vilivyopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi, na alipokuwa akiusafisha kwa spiriti aliona zambarau nzuri ambayo ilishika katika hariri. Basi dawa iliyotafutwa kwa ajili ya homa za nchi za joto ilizaa rangi, na rangi za namna hiyo zikasafiri katika vikopo vidogo hata zikafika maduka ya Pemba na sufuria ya msusi wa mikeka. Binti wa msusi alipolifahamu hilo aliona kana kwamba amekutana na jamaa yake ugenini.

Ikafika barua ya simu kutoka kwa dada yake. Mama alikuwa akilalamika miguu. Wakati wa kipupwe, sakafu ya saruji ilimpenya, na hata shuka mbili hazikuipasha moto miguu yake usiku. Macho yake pia yalikuwa yamepungua nguvu, na msimu ule hakusuka mkeka hata mmoja. Binti hakuweza kurudi; mtihani ulikuwa mbele yake na nauli ilikuwa mbali. Aliloweza ni soksi. Akaazimia kuzifuma kwa rangi ya zambarau, kwa sababu mkeka wa arusi yake, ambao mama yake alimsukia kabla hajaolewa, ulikuwa na mistari ya zambarau.

Alikuwa na kata mbili za gramu 50 kila moja, na sufuria yake ilikuwa ndogo, haikutosha zote mbili kwa raha. Alitia ya kwanza Jumamosi moja ya utulivu. Alichanganya nyekundu na buluu kwa kipimo, akaiweka motoni, akasoma kitabu chake mpaka maji yakatakata. Zambarau ilitoka nzito na tulivu, ile ile aliyoitaka. Alifuma soksi ya kwanza kwa wiki mbili, usiku baada ya masomo.

Kata ya pili aliitia usiku wa kuamkia siku ya kazi. Msafiri mmoja wa Unguja alikuwa aondoke baada ya siku kumi, naye alikubali kuchukua kifurushi. Kipimo kilikuwa kile kile. Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Lakini alikuwa amechoka, na baada ya dakika kumi uzi ulionekana umekolea. Akautoa. Maji yaliyobaki sufuriani yalikuwa na rangi ya buluu. Aliyatazama kidogo, akayamwaga.

Wajuao kazi hii wanajua maana ya buluu ile. Rangi mbili zilizochanganywa katika sufuria moja haziingii katika sufu kwa mwendo mmoja. Mara nyingi nyekundu hutangulia mbio, na buluu hufuata polepole. Aliyetoa uzi mapema amepata nyekundu yake yote na sehemu tu ya buluu. Mizani haikukosea hata chembe. Kilichokosekana ni dakika ishirini. Asubuhi, uzi ulipokauka, mwanafunzi aliuona umeelekea rangi ya damu ya mzee. Lakini siku zilikuwa zimekwisha, akafuma, akafunga kifurushi, akajiambia kwamba macho ya mama yake hayataona tofauti.

Baada ya wiki mbili simu ililia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Soksi zimefika, na miguu imelala. Mungu akuweke." Pakawa kimya kidogo. "Lakini hii moja umeitoa jikoni mbichi."

Binti hakupata la kusema. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi, amezishika soksi mbili mkono huu na huu, akaziona kwa macho yale yale yaliyokuwa hayaoni tena tundu la sindano. Hakuwa amegusa sufu iliyotiwa rangi maisha yake yote. Lakini zambarau isiyoiva aliijua, kwa kuwa amekwisha iona katika ukindu mara nyingi.

"Nilikuwa na haraka, mama," binti alisema.

"Haraka naijua. Mimi nami nikitoa mbichi, watoto wakilia njaa na moto mmoja. Mara moja mwanamke alinirudishia mkeka, akasema nusu umesukwa kwa rangi nyingine. Alisema kweli. Sikupata zambarau moja mara mbili, maisha yangu yote. Wewe unapimaje?"

Binti akamweleza habari ya mizani na daftari, kwa sauti ya mtu anayekiri jambo. Alitazamia kuchekwa. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akauliza gramu ni kitu gani, akauliza bei ya mizani, kisha akasema, "Hiyo ningeitaka. Ningekuwa nayo, mkeka ule usingerudi." Akacheka. "Basi mimi sikuwa na mizani, na wewe hukuwa na subira. Tungekuwa sufuria moja, tungepata rangi."

Siku ile, kwa mara ya kwanza, binti aliuliza aliyopaswa kuuliza akiwa na miaka kumi na minne: ukindu huchemshwa muda gani, hutambulikaje kwamba umeiva, chumvi hutiwa lini na kwa nini. Mama alijibu moja moja. Kuiva kwa chane, alisema, hutazamwa kwa kidole gumba: chane huchotwa, hupozwa, husuguliwa, gumba likitoka safi, rangi imekubali. Binti aliyaandika yote katika daftari lile lile, chini ya hesabu zake, na chini ya habari ya kata ya pili akaandika kwa herufi kubwa: MPAKA MAJI YATAKATE.

Mwanzo wa kiangazi cha Uskoti alinunua sufuria kubwa ipokeayo kata mbili pamoja, akatia rangi upya, akangoja, akafuma jozi nyingine iliyolingana kabisa. Alimwandikia mama yake kwamba zile za kwanza sasa azitupe. Mama alijibu kwamba mpya ni nzuri, nazo zimewekwa kwa ajili ya kwenda hospitali na arusini. Lakini usiku anavaa zile za zamani, maana hata gizani, alfajiri anapoamka kuswali, aijua ya kulia na ya kushoto: ile mbichi imeoshwa mara nyingi ikawa hafifu, na hafifu huonekana kwanza.

Watu husema kwamba elimu ya kitabu na elimu ya mkono ni maadui. Sufuria haikuthibitisha maneno hayo. Kipimo humwambia mtu aanzie wapi, na subira humwambia aishie wapi; na mwenye moja tu kati ya hizo atapata rangi, lakini hataipata tena kesho. Huko Pemba misimu inapita, na wanawake waliotambua kuiva kwa ukindu kwa kidole gumba wanazeeka. Daftari moja la Edinburgh lina kurasa tatu za maneno yao. Kurasa zilizobaki ni nyingi, na simu bado inapokelewa.