Saa Kumi na Moja ya Nani?

Kabla sijavaa kitambulisho cha mtembeza watalii kifuani, nilikuwa papasi. Asiyelijua neno hili aulize Mjini Unguja. Papasi ni kupe wa majumbani, anayeuma watu usiku, na ndilo jina tulilobandikwa vijana tuliokuwa tukiwaganda wageni bandarini Malindi kila boti ya Dar es Salaam ilipofunga gati. Mwaka 1988 nilikuwa na miaka kumi na tisa, kandambili moja nzuri na Kiingereza cha kuokoteza. Nilijiita gaidi, kwa kuwa hivyo ndivyo ndimi zetu zilivyolimeza neno la Waingereza la mtu anayeongoza wageni. Siku hizi jaribu kujiita gaidi uwanja wa ndege, uone utakapolala.

Upapasi ulinifundisha kitu kimoja ambacho darasani Sweden sikukikuta: mgeni hasikilizi mpaka amekojoa, amekunywa maji na amejua atakula wapi. Mengine yote, masultani, milango ya nakshi, Beit al-Ajaib na mwaka wake wa 1883, huja baadaye.

Mwaka 1992 nilimfuata mke wangu Stockholm, alikokwenda kusomea uuguzi. Miaka ya mwanzo naipita haraka, maana kila mhamiaji anaijua: kuosha vyombo, kufagia ofisi usiku, kugawa magazeti ngazi kwa ngazi kwenye baridi inayouma meno, na mchana kukaa darasa la Kiswidi na kutamka irabu ambazo Mungu hakuzipitisha Afrika Mashariki. Kazi ya kwanza iliyonikaa sawasawa ilikuwa ya ubaharia, kwenye boti nyeupe zinazokwenda visiwani. Nje ya Stockholm visiwa na miamba hukaribia 30,000. Mimi nilikuwa mrusha kamba. Nilifunga na kufungua gati Vaxholm penye ngome yake ya kale, nikaenda mpaka Sandhamn wanakokutana wenye mashua za matanga, na nikarudi jioni mji ukiwa mbele ya omo, minara ya makanisa imesimama juu ya maji.

Hapo ndipo Stockholm iliponiingia. Mji umekaa juu ya visiwa kumi na vinne, na kwa miguu ni fujo ya madaraja na vichochoro. Ukiutazama kutoka majini unaona mara moja kwa nini upo pale: upande mmoja ziwa Mälaren, upande mwingine Bahari ya Baltiki, na baina yao mlango mwembamba ambao mwenye kuushika huwatoza wote wanaopita. Jina lake limo katika maandishi tangu 1252. Mtu wa Unguja, Lamu au Mombasa hahitaji kuelezwa biashara ya namna hiyo.

Siku moja mwenzetu aliyekuwa akiwaeleza abiria alikaukiwa na sauti, nahodha akanipa kipaza sauti. Nikasema niliyoyajua, watu wakacheka pale nilipokusudia wacheke. Baridi iliyofuata nikajiandikisha kozi ya kuidhinishwa. Tulisoma usanifu, wafalme, misitu, kodi, kila kitu, kisha ukaja mtihani wa kutembeza watahini mitaa ya Gamla Stan, mji mkongwe wa kwao. Nilifaulu. Kampuni ya kwanza niliyoiomba kazi ilinijibu kwamba wateja wao wanapenda kuongozwa na "mtu wa hapa". Nikaenda ya pili.

Kwa miaka mingi niliwatembeza Waingereza, Wamarekani na Waswidi wenyewe kutoka mikoani. Vikundi vya Kiswahili vilianza kama upendeleo kwa jamaa, vikageuka kazi: Waomani wenye asili ya Unguja kutoka Muscat, walimu wastaafu wa Tanzania Bara, akina mama wa chama cha Mombasa waliochanga miaka mitatu ili waone theluji, wakaja Juni. Nikawapangia safari ya juma zima: Stockholm, Sigtuna, Uppsala, kisha kuvuka bahari mpaka Visby.

Nikadhani nitafasiri tu maneno yangu ya kila siku. Kumbe sivyo. Bi mkubwa mmoja kutoka Makunduchi alisimama ukingoni mwa maji ya Strömmen siku ya kwanza, akaniuliza, "Mwanangu, bamvua hapa lini?" Nikamjibu kwamba hakuna bamvua wala maji mafu. Baltiki haina kupwa na kujaa kwa kuonekana na macho. Akanitazama kwa huruma, kama niliyemwambia nimehamia nyumba isiyo na paa. "Sasa wanawake wa huku chaza na pweza wanaokota wapi?" Nikamweleza kwamba hapa inayosogea ni ardhi. Tangu barafu kuu ya zamani ilipoyeyuka nchi hii inainuka, na Stockholm hupanda karibu nusu sentimita kila mwaka. Gati za zamani zimebaki nchi kavu. Hilo alilipenda. Akawasimulia wenzake basi zima kwamba Sweden maji hayapwi, ila nchi ndiyo inayopwewa.

Lakini mwalimu wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja wa Malindi, nahodha wa majahazi aliyestaafu. Nilimpeleka kuiona Vasa. Kisa chake nilikuwa nimekisimulia pengine mara elfu: manowari ya mfalme Gustav II Adolf, mizinga 64, ikang'oa nanga tarehe 10 Agosti 1628, ikaenda kiasi cha mita 1,300, upepo ukaipiga, ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga yaliyoachwa wazi, ikazama mbele ya macho ya mji. Ikakaa chini miaka 333 mpaka ilipoinuliwa tarehe 24 Aprili 1961. Mzee hakunisikiliza. Aliizunguka mara mbili, kutoka omo mpaka tezi, mikono nyuma, akitazama chini ya tumbo lake, wakati wenzake wanapiga picha sanamu za simba. Kisha akasema, "Farumi iko wapi?"

Nikamwambia mawe ya farumi yaliwekwa, kiasi cha tani 120, lakini hayakutosha, na hata yangeongezwa madirisha ya chini ya mizinga yangekaribia maji. "Na hakuna aliyesema?" Walisema, mzee. Kabla ya safari waliwakimbiza mabaharia thelathini kutoka ubavu hadi ubavu, chombo kikayumba vibaya mno wakaamriwa waache, kisipinduke palepale gatini. Kisha wakakiondosha, kwa sababu mfalme alikuwa akikitaka. Mzee akacheka kwa pua. "Tajiri akishasema iende, itakwenda. Hayo na kwetu yapo."

Tangu siku ile kisa cha Vasa nakianza na farumi. Na nikifika penye swali la vipi mbao zilidumu hivi, nasema kwa lugha ya mzee: kwetu chombo hupakwa sifa na shahamu kwa sababu ya wadudu wanaotoboa mbao. Baltiki maji yake yana chumvi kidogo, wadudu wale hawaishi, ndiyo maana Vasa haikuliwa. Watu wa pwani huitikia "ahaa" kwa pamoja. Miaka yote nilipokuwa nikieleza kwa lugha ya kitabu, sikuwahi kuipata hiyo "ahaa".

Wa Bara wana ziara zao. Walimu wastaafu huniomba niwapeleke Sveavägen, pale waziri mkuu Olof Palme alipopigwa risasi usiku wa tarehe 28 Februari 1986, kisha ng'ambo kidogo kwenye kaburi lake katika ua wa kanisa la Adolf Fredrik. Kizazi kile kinamkumbuka kama rafiki wa Mwalimu Nyerere. Mimi hunyamaza, wao ndio husimulia. Vijana hawajui ni nani, husubiri kwa adabu wakichezea simu.

Na kuanzia Oktoba 2021, alipotajwa Abdulrazak Gurnah, wa kwetu Unguja, kuwa mshindi wa Nobel ya fasihi, Waunguja hawatembei hatua kabla hawajafikishwa Stortorget, kwenye jengo la soko la hisa la zamani ambako jina lake lilisomwa. Jumba la makumbusho la Nobel limo humohumo. Katika mkahawa wake washindi hutia saini chini ya viti, basi fikirieni akina bibi sita wanapindua viti kimoja baada ya kingine huku kahawa inapoa. Kila mara hulazimika pia kuwaambia Wakenya kwamba Wangari Maathai hakupewa tuzo yake hapa. Ile ya amani hutolewa Oslo. Hununa kidogo.

Kuna mahali pamoja ambapo sipendi utani. Mwaka 1998 msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, alitengeneza zile sanamu za watumwa zilizo shimoni Mkunazini, Unguja, zilizofungwa kwa minyororo ya kweli. Mtoto wa shule, mjukuu wa mgeni wangu, tulipokuwa Järntorget, yaani Uwanja wa Chuma, nikieleza jinsi chuma kilivyokuwa kikipimwa pale kabla ya kupakiwa melini, aliniuliza kama minyororo ile ilitoka hapa. Ya Mkunazini sikuwa na la kumwambia. Lakini nilimweleza kwamba chuma cha Sweden kilinunuliwa sana na Waingereza katika karne ya 18, na sehemu yake ikapelekwa Afrika Magharibi kubadilishwa kwa watu. Nikamweleza pia kwamba Sweden ilikuwa na koloni lake la watumwa, kisiwa cha Saint-Barthélemy, tangu 1784, na ikawaachia huru mwaka 1847. Katika kozi yangu habari hizo zilipita kwa dakika tano. Tulipofika Uppsala nikamwonyesha maktaba ya chuo kikuu, zilimohifadhiwa kumbukumbu alizoandika Badin, Mwafrika aliyezaliwa utumwani akaletwa mtoto kwenye jumba la malkia Lovisa Ulrika, na akafa Stockholm 1822. Alipenda kujua kwamba alikuwa anaandika.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Ilikuwa Juni 2017, kundi la watu kumi na wanane. Kesho yake tulikuwa tuondoke hotelini kwenda Nynäshamn kupanda meli ya Visby, na basi lilikuwa limepangwa saa tano asubuhi. Usiku nikawatumia sauti kwenye simu: "Kesho tunaondoka saa kumi na moja, tafadhalini msichelewe." Kiswidi ndicho kilichokuwa kinywani, nami nimekaa huko robo karne. Kwa Waswidi saa tano asubuhi ni saa ya kumi na moja. Nikalala.

Simu ya mapokezi iliniamsha alfajiri. Akina mama tisa walikuwa wameketi ukumbini, mabuibui yamenyooshwa, masanduku yamepangwa, mmoja anagawa kashata. Wameshasali, wameshatazama nje, jua limechomoza tangu saa tisa na nusu, mchana mweupe, na mwongozaji haonekani. Nikakimbia kuwaomba radhi. Kumbe balaa halijaisha. Ilipofika saa ya basi, vijana wanne hawakuwapo. Wao walielewa saa kumi na moja ya jioni, wakaenda zao kitongoji cha Rinkeby kwa jamaa na kuzima simu. Mtu mmoja tu alishuka kwa wakati niliokusudia, Maalim wa madrasa aliyekaa Muscat miaka mingi, ambaye ameshazoea kumuuliza kila mtu kwanza: saa ya Kizungu au ya Kiswahili? Kwa nini hakuniuliza mimi? "Nilikusikia lafudhi yako," alisema, "nikajua umeshapotea."

Meli ya mchana ikaondoka bila sisi. Nililipa tofauti ya tiketi za jioni kutoka mfukoni mwangu, na nikasamehewa kwa sharti la kununua samaki wa kukaanga kumi na wanane. Tulivuka kwa saa tatu na ushei. Jua lilizama saa nne usiku, na mjadala wa swala ya magharibi uliochomoka juu ya sitaha ile sitausahau. Bi mkubwa mmoja alisema siku isiyotaka kuisha ina lake.

Visby ina ukuta wa kale wa karibu kilomita tatu na nusu, na makanisa yaliyobaki kuta tupu, yaliyojengwa kwa fedha za biashara ya bahari. Waliofika Kilwa Kisiwani hawakuniuliza maswali mengi. Nikawaingiza jumba la makumbusho la Gotland kuona hazina ya Spillings, iliyofukuliwa mwaka 1999: kilo 67 za fedha, na sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa dirhamu za nchi za Kiislamu zilizofika kwa mito ya Urusi zama za Waviking. Maalim akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Maandishi yale ya Kikufi hayana nukta, akawa anayafuata herufi kwa herufi, midomo ikicheza, kama mtoto wa chuo anayeanza alifu. "Lā ilāha..." akasoma, tukanyamaza wote. Kwenye sarafu nyingine akasoma mahali ilipopigwa: Madinat as-Salam.

"Dar es Salaam!" akaruka mmoja wa wale vijana waliotuchelewesha.

"Baghdad, bwana mdogo," Maalim alisema bila kuinua kichwa. Kisha akageuka kwangu. Kibao cha makumbusho kilikuwa kimeandikwa mwaka wa Kizungu, sarafu yenyewe ina mwaka wa Hijria. "Na hawa nao," akasema, "walikuwa na saa mbili."

Ratiba zangu tangu safari ile zina safu mbili, ya kushoto saa za Sweden, ya kulia saa zetu. Ukija Stockholm na mwongozaji akakupa yenye safu moja, mrudishie aiandike upya.