Rhamu: Si Kila Jivu ni la Kusugulia Sufuria

Ukitoka mjini Mandera ukielekea magharibi, mwendo wa kilomita zipatazo 75, utafika Rhamu. Nairobi utakuwa umeiacha zaidi ya kilomita 1,000 nyuma yako, na vumbi litakuwa limekuzoea. Hapo ndipo macho yatakapotulia, kwani kando ya mto Daua utaona migomba, miembe na vitunguu. Ng'ambo ni Ethiopia. Maji ya Daua huteremka kutoka milima ya nchi hiyo, yakapita Rhamu na Mandera, kisha huko Dolo yakaungana na ya Ganale na kuwa mto Juba wa Somalia. Mtu wa Rhamu hunywa maji hayo, hunywesha mifugo na kumwagilia shamba.

Huenda ukauliza, msomaji, jivu lahusiana vipi na mto huu. Kwetu sisi jivu ni rafiki. Nyanya zetu walilisugulia sufuria, wengine hulimwaga chooni kukata harufu, na mkulima hulitia shambani. Wafugaji wa kaskazini hufukiza vyombo vya maziwa kwa vijinga vya moto na hakuna aogopaye masizi yake. Lakini hilo ni jivu la kuni. Jivu la takataka si ndugu yake.

Risasi na kadimiamu ni madini, na moto hauyamalizi. Betri au plastiki ya rangi ikiteketea, madini yake hubaki jivuni au hupaa na moshi. Nayo mipira ya plastiki ya kutundikia dripu mara nyingi huwa na klorini, ambayo ikichomwa kwa moto hafifu huzaa dayoksini, sumu iletayo saratani. Mvua ikinyesha juu ya jivu kama hilo, maji huteremka na sumu hadi kisimani au mtoni.

Ethiopia wana kiwanda kikubwa cha kuchoma taka, kile cha Reppie jijini Addis Ababa, kilichozinduliwa mwaka 2018. Viwanda vya aina hiyo hutoa majivu ya namna mbili. La kwanza huanguka chini ya tanuri, nalo hufika kama robo ya uzito wa taka. La pili ni jepesi kama unga, hunaswa na vichujio vya moshi, na ingawa ni kidogo ndilo lenye sumu kali.

Lile la chini hulundikwa wiki kadhaa. Hewa ya ukaa hupunguza ukali wake na madini yakajifunga humo. Jepesi huoshwa kwanza kuondoa chumvi, maana chumvi huzuia saruji kushika, kisha huchanganywa na saruji likawa jiwe. Hapa pana mtego. Chokaa ikizidi, risasi huyeyuka, sawa na inavyoyeyuka ndani ya tindikali! Ndiyo sababu jiwe hilo husagwa na kulowekwa majini, kisha maji yakapimwa.

Huko Norway, katika kisiwa cha Langøya, walifanya jambo la ajabu. Walichukua jivu jepesi wakalichanganya na tindikali iliyotupwa na viwanda. Vikali viwili vikaumana vikapoa, ikatokea jasi, wakaijazia machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa. Nilicheka kidogo, kwani El Wak, katika kaunti hii hii ya Mandera, jasi imelala ardhini bila mtu kuitengeneza.

Rhamu haihitaji kiwanda cha Norway. Ina hospitali, na penye hospitali pana sindano na bandeji za kuteketezwa. Hospitali nyingi za Kenya zilijengewa tanuri dogo la matofali lililobuniwa katika Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, mengi yakijengwa wakati wa kampeni ya chanjo ya ukambi ya mwaka 2002. Tanuri hilo ni rahisi, lakini halina kichujio, na jivu lake huwa na vigae vya chupa na sindano zisizoyeyuka. Kwa maoni yangu kazi huanzia kabla ya moto: betri, vipimajoto vya zebaki na mipira ya dripu visiingie humo kabisa. Jivu lishikwe kwa glavu, litiwe katika shimo lililosakafiwa na kufunikwa, mbali na mto.

Likishukiwa kuwa na madini mengi, Shirika la Afya Duniani linashauri lifungwe kwa saruji. Kipimo linachokitaja kwa dawa zilizoharibika ni sehemu 65 za taka, 15 za chokaa, 15 za saruji na 5 za maji. Kwa hesabu hiyo, mfuko mmoja wa kilo 50 wa saruji, pamoja na chokaa ya uzito huo huo, ungetosha jivu la kilo 200 na ushei. Saruji hutoka mbali, Athi River na kwingineko, na bei yake hupanda kila lori linapokwama. Basi jivu lingojee katika pipa lenye kifuniko, na mfuko ufike kabla ya mvua za Machi.