Waifai ya Nyumbani: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

Akina mama wenzetu, zamani daftari la matumizi ya nyumba lilikuwa na unga, mkaa, mafuta ya taa, ada na sadaka. Siku hizi umeongezeka mstari mwingine, nao umekaa pale kila mwezi kama kodi ya pango: intaneti. Watoto wanaletewa kazi za shule kwa simu, kikundi kinapanga vikao kwa WhatsApp, na ndugu walio mbali tunawaona uso kwa uso. Lakini katika nyumba nyingi tunazotembelea malalamiko ni yale yale: tunalipa, waifai haishiki.

Mama anayelalamika hivyo aghalabu amekwisha jiandikia dawa mwenyewe, yaani kununua kifurushi kikubwa zaidi. Sisi tuliozoea wodi hatuwezi kukubaliana na njia hiyo. Mgonjwa akija na homa hapewi dawa ya malaria kwa sababu tu mwili una joto. Anatobolewa kidole kwanza. Waifai dhaifu ni homa, ni dalili tu, na ugonjwa wenyewe waweza kuwa mahali pawili tofauti kabisa. Pa kwanza ni njia inayoleta intaneti hadi nyumbani: ama waya wa faiba, ama laini ya simu iliyo ndani ya ruta. Pa pili ni hewa ya ndani ya nyumba, kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu iliyo mkononi mwako. Kifurushi kikubwa hutibu pa kwanza peke yake. Kama kinachokusumbua ni kuta zako, waweza kulipa mara mbili na chumba cha nyuma kikabaki kama kilivyokuwa.

Kupima si kazi ya fundi, na hakuna ada. Fungua ukurasa wa fast.com kwenye simu wakati watoto wako shuleni na hakuna mwingine anayetumia. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, subiri namba itulie, uiandike. Kisha nenda katika chumba kinacholalamikiwa, funga mlango kama unavyofungwa siku zote, upime tena. Rudia asubuhi, mchana na saa mbili usiku, kwa siku mbili tatu, kama tunavyojaza karatasi ya joto la mgonjwa. (Wenye bando la kuhesabiwa wasipime ovyo, maana kila kipimo kinakula bando.) Namba ikiwa ndogo hata karibu na ruta, ugonjwa uko kwenye njia ya kuingia. Ikiwa nzuri karibu na mbaya mbali, ugonjwa umo ndani ya nyumba. Ikiwa nzuri asubuhi na mbaya kila jioni hata karibu na ruta, basi pengine wanao wote wamekwisha rudi na kila mmoja ameshika simu yake, au mtaa mzima umeingia mtandaoni kwa wakati mmoja.

Namba hizo ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Tunalisema hili kwa sababu wengi hudhani wamedhulumiwa wanapoona filamu inashuka pole pole kuliko namba iliyoandikwa kwenye tangazo. Tena mahitaji yetu ni madogo kuliko tunavyoaminishwa. Netflix wenyewe wanashauri megabiti 3 kwa picha ya kawaida iliyo safi, 5 kwa ile safi zaidi, na 15 kwa ile kubwa ya 4K. Mazungumzo ya video ya watu wawili huridhika na megabiti moja au mbili. Nyumba ya watu watano inayopata megabiti 10 za kweli haina njaa, isipokuwa kila mtu ametazama filamu yake chumbani kwake, na hapo kuna jambo la kuzungumza ambalo si la waifai.

Tuchukue mfano wa mama mmoja tuliyemtembelea, ambaye ameturuhusu kusimulia bila kumtaja. Mumewe anafanya kazi mgodini katika mkoa mwingine, na hurudi nyumbani baada ya majuma sita. Kila jioni alikuwa akiwapigia watoto kwa video, akiwauliza habari za shule kisha akisali nao. Mawasiliano yakawa yanakatika katikati ya sala. Mwanzoni walicheka. Kufikia mwezi wa pili baba alikuwa akisema mke anakata makusudi, ati kuna jambo nyumbani hataki lionekane, na mama kwa uchungu akaanza kuiacha simu ilie. Alipotueleza, alikuwa amekwisha tenga fedha za zamu yake ya upatu, alizokusudia kulipia ada ya mtoto wa pili, ili apandishe kifurushi.

Tulikuwa watatu na simu moja. Karibu na ruta tulipata megabiti 18 kati ya 20 alizokuwa akilipia. Chumbani, ambako watoto walikuwa wakikusanyika kitandani kumsubiri baba yao, haikufika hata moja. Ruta ilikuwa sebuleni, chini, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati lenye mlango, na juu yake kitambaa kizuri cha kufuma. Kati yake na kitanda palikuwa na kuta mbili za matofali ya saruji na kabati la nguo lenye kioo kirefu.

Kitambaa chenyewe hakizuii mawimbi. Kinazuia joto lisitoke, na ruta ikipata joto sana huanza kusuasua. Vinavyozuia ni zege lenye nondo, milango ya chuma, friji, tanki la maji, na vioo vya kujitazamia, kwa kuwa nyuma ya kioo mna utando wa madini. Nyuma ya televisheni ni mahali pabaya kuliko pote, lakini ndipo mafundi wengi wanapoiweka kwa kuwa soketi iko hapo. Kwa bahati kisanduku cha faiba na ruta vilikuwa mbali mbali, kwa hiyo tulinunua waya wa mtandao wa mita 10, tukaipandisha ruta kwenye rafu ya korido, juu ya usawa wa kichwa. Chumbani ikasoma 11. Gharama yote ilikuwa huo waya na misumari. Jioni ile sala ilifika mwisho. Maneno yaliyokwisha semwa kati ya mume na mke hayakufutwa na waya. Hayo waliyazungumza aliporudi, na mzee wa kanisa akakaa nao. Lakini ada ililipwa.

Wenye ruta ya laini ya simu wana hesabu tofauti kidogo. Ruta yao lazima isikie mnara kwanza, ndipo isikiwe na simu za nyumbani, hivyo katikati ya nyumba si lazima pawe mahali pazuri. Ijaribu katika kila dirisha, juu ya kabati, ukipima kila mara, na uichague sehemu iliyosoma vizuri hata kama inaharibu mpangilio wa sebule. Chini ya bati na nyuma ya grili mawimbi ya mnara hupungua. Antena ya nje husaidia, lakini si kila ruta ina tundu la kuichomeka. Tazama kwanza nyuma ya ruta yako kabla hujakwenda dukani.

Ruta nyingi za sasa hutoa majina mawili ya waifai, la pili likiishia na 5G. Hiyo si ile 5G ya minara inayotangazwa redioni. Ni masafa ya gigahezi 5, yenye mwendo mkubwa lakini yasiyopenda kuta. Yale ya 2.4 ni ya polepole ila hufika mbali. Televisheni iliyo chumba kimoja na ruta ipe 5, chumba cha nyuma kipe 2.4. Anayeishi kwenye ghorofa lenye ruta kila mlango anaweza kumwomba fundi ampangie njia ya 1, 6 au 11 kwenye 2.4, maana hizo tatu haziingiliani. Jiko la maikrowevu nalo hutumia masafa karibu na hayo hayo, kwa hiyo usishangae simu ikigoma wakati chakula kinapashwa.

Kuhusu vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyoongeza waifai, hatuvipendi sana. Aghalabu mama hukichomeka katika chumba kile kile kisichoshika, nacho kinarudia tu udhaifu kinaousikia. Kikae katikati ya njia. Hata hivyo vile vya bei nafuu hupunguza mwendo karibu nusu, kwa kuwa husikia na kusema kwa masafa yale yale. Kama kuna ruta ya zamani kabatini, mwambie fundi aiunganishe kwa waya kwenye ile mpya na kuiweka chumba cha nyuma. Waya wa mtandao hufanya kazi hadi mita 100, na hakuna nyumba yetu inayozidi hapo.

Ziko siku ugonjwa uko nje kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikalegea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo acha ruta ipumzike. Lakini kama daftari lako linaonyesha majuma mawili ya namba ndogo karibu na ruta, peleka daftari hilo kwa kampuni inayokuhudumia, uombe namba ya malalamiko. Wasipokusikiliza, kwa hapa Tanzania waweza kwenda TCRA. Malalamiko yenye tarehe na saa husikilizwa kuliko ya hasira.

Sasa jirani. Watoto wa jirani kukaa ukutani kwako jioni wakivuta waifai ni jambo linaloleta maneno mtaani, na wapo wanaosema kumnyima ni uchoyo. Sisi tunaona mtoto mwenye mtihani apewe, lakini si kwa neno la siri la nyumba. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Ufungue huo, uuwekee neno lake, uufunge mtihani ukiisha. Neno lililobandikwa chini ya ruta libadilishwe siku ile ile inapofungwa, na ulinzi uwe WPA2 au WPA3.

Limebaki suala la umeme, ambalo wengi huliita tatizo la waifai. Umeme ukikatika sekunde mbili tu, ruta huanza upya na kuchukua dakika kadhaa. Zipo betri ndogo za kuikalisha ruta saa chache, na ukiwa na akiba hiyo ndiyo tungekushauri uinunue kabla ya kupandisha kifurushi. Soma kwanza maandishi ya adapta yako: nyingi ni volti 12, lakini zipo za 9 na za 5, na ampea za betri zisipungue zile zilizoandikwa hapo.